Historia ya Helikopta Ndogo na Funzo Lake kwa Karakana Yetu



Mhariri aliponiomba makala ya historia, nadhani alitazamia niandike juu ya majengo ya shule au juu ya walimu wetu wa kwanza. Wapo wanaoyajua mambo hayo kuliko mimi. Mimi nimechagua historia ya chombo kidogo ambacho wengi wenu mngekiita mwanasesere: helikopta ya mfano inayoongozwa kwa redio. Nina sababu. Chama chetu kinajadili jinsi ya kutumia michango yetu, na wako wanaosema kwamba karakana ya shule ni anasa inayoweza kungoja. Nataka kuonyesha kwa ushahidi wa historia kwamba helikopta kubwa zilizaliwa katika karakana ndogo, na kwamba yeyote anayeiruka hatua ya mfano hulipa gharama baadaye.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtumishi wa serikali; si rubani wala fundi wa ndege. Nilizaliwa Kirushya, nikasoma hapa, kisha Chuo Kikuu. Helikopta ndogo nimeijenga kwa mikono yangu katika likizo zangu mbili, na nitaeleza ilivyojengwa. Kwanza tuitazame historia.

1. Manyoya, mpira na mianzi

Wazo la kupanda juu kwa kuzungusha mapanga ni la kale. Watoto wa China walicheza karne nyingi na kijiti chenye panga la mwanzi, wakikisugua kati ya viganja na kukiachia kiruke. Leonardo da Vinci wa Italia, mwishoni mwa karne ya 15, alichora chombo chenye parafujo kubwa ya kupanda hewani, lakini mchoro ulibaki mchoro. Mwaka 1784 Wafaransa wawili, Launoy aliyekuwa mtaalamu wa viumbe na Bienvenu aliyekuwa fundi, walionyesha huko Paris chombo kidogo chenye manyoya ya ndege juu na chini, kilichozungushwa kwa nguvu ya upinde. Kikapaa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1796, Mwingereza George Cayley alitengeneza cha namna hiyo kwa vizibo vya chupa na manyoya. Cayley huyo ndiye aliyekuja kuweka msingi wa elimu ya ndege zenye mabawa.

Mwaka 1870 Mfaransa mwingine, Alphonse Pénaud, aliweka mpira uliosokotwa badala ya upinde. Mwaka 1878 mchungaji mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe wawili mchezo wa aina ya Pénaud, uliotengenezwa kwa kizibo, mwanzi na karatasi. Mkubwa alikuwa na miaka 11 na mdogo 7. Mchezo ulipovunjika wakatengeneza mwingine, na mwingine tena. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville Wright, ambao mwaka 1903 walirusha ndege ya kwanza yenye injini na yenye kuongozeka. Wao wenyewe waliutaja mchezo ule kuwa ndio uliowaanzishia hamu ya kuruka.

Wasomaji wenzangu tuliokulia Ngara na Biharamulo hatutashangaa. Nani kati yetu hakutengeneza gari la mabua, au la waya na kopo, au ndege ya bua yenye panga linalozunguka kwa upepo wa kukimbia? Tulijifunza mahali ekseli inapostahili kukaa kabla hatujalijua neno ekseli. Tofauti ni kwamba gari letu la mabua lilikomea nje ya mlango wa darasa. Ndani tulipewa chaki na daftari.

2. Mtu aliyekaa na mifano zaidi ya miaka kumi na miwili

Helikopta ilikuwa ngumu kuliko ndege ya mabawa. Ndege ya mabawa ukiiunda vema hutaka yenyewe kwenda mbele wima. Helikopta haina tabia hiyo. Panga kubwa likizunguka upande mmoja, mwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na ndiyo maana kuna panga dogo la mkiani. Ikiinama kidogo huteleza kuelekea ilikoinamia, ikiteleza huyumba, na kila yumbo huzidi lililotangulia mpaka ianguke. Paul Cornu aliinuka ardhini huko Ufaransa mwaka 1907, lakini hakuweza kuiongoza. Mjerumani Henrich Focke alifanikiwa mwaka 1936. Igor Sikorsky, aliyehamia Marekani kutoka Urusi, aliinua helikopta yake Septemba 1939 ikiwa imefungwa kamba, na hakuiachia huru mpaka mwaka 1940.

Mtu ninayetaka mumkumbuke zaidi ni Arthur Young. Alikuwa Mmarekani aliyehitimu hesabu mwaka 1927, na mwaka uliofuata akaamua kuitafuta siri ya helikopta. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na zizi la kale la shamba huko Pennsylvania, akaligeuza karakana, na kuanzia mwaka 1928 hadi 1941 alijenga mifano midogo. Ilianguka na kuvunjika mara nyingi. Kila ilipovunjika alitafuta sababu, akabadili kitu kimoja, akairusha tena. Hilo lingemuua kama angekuwa amekaa ndani yake. Kwa kuwa ilikuwa mifano, kila anguko lilikuwa somo, na gharama yake vijiti vichache na jioni moja ya kazi.

Hatimaye akapata alichokitafuta: fimbo fupi yenye uzito katika ncha zake mbili, inayozunguka pamoja na mapanga ikiyakata kwa pembe mraba. Kitu chenye uzito kikizunguka kwa kasi hupenda kubaki katika usawa wake, kama pia ya mtoto isivyotaka kuanguka. Mwili wa helikopta ukiinama, fimbo hubaki ilivyo, na kwa kuwa imeunganishwa na mapanga huyageuza kidogo yapate kuurudisha mwili. Mwaka 1941 Young aliupeleka mfano wake, akiuongoza kwa nyaya, kwa kampuni ya Bell, nao wakamwajiri. Helikopta kubwa ya kwanza ya majaribio iliinuka Desemba 1942. Tarehe 8 Machi 1946 Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza kupewa hati ya kutumiwa na raia nchini Marekani. Zilijengwa zaidi ya 5,000 za ukoo huo, zenye kichwa cha duara kinachoonyesha ndani na mkia wa vyuma vilivyosukwa kama ngazi.

Hesabuni basi: zaidi ya miaka 12 katika mifano, na baada ya hapo mwaka mmoja na ushei hadi helikopta kubwa kuinuka. Kazi ilifanyika kwenye zizi.

3. Kurudi kwenye udogo

Mtu angedhani kwamba baada ya kubwa kupatikana, kutengeneza ndogo ya kuongozwa kwa redio lingekuwa jambo jepesi. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Chombo kikiwa kidogo kila jambo hutokea upesi zaidi, na jicho la rubani liko chini, mbali na chombo. Kikimgeukia uso, kulia kwake huwa kushoto kwa chombo. Aliyelitatua tatizo ni mhandisi Mjerumani, Dieter Schlüter. Tarehe 20 Juni 1970 modeli yake ilikaa hewani karibu dakika 28 na kwenda kilometa 11.5. Kichwani ilikuwa na fimbo ya kutuliza, yenye vibawa vidogo katika ncha zake kwa mtindo alioutumia Mmarekani Stanley Hiller katika helikopta kubwa. Kwa hiyo fimbo iliyozaliwa katika mfano ilikwenda kwenye helikopta kubwa, kisha ikarudi kuuwezesha mfano. Modeli ya Schlüter haikuruka mifupa mitupu: ilivikwa bodi ya helikopta halisi, Huey Cobra. Tangu hapo kujenga bodi kwa mkono kumekuwa ufundi wa peke yake. Siku hizi kazi ya fimbo hufanywa na kifaa kidogo cha elektroniki, na injini za mafuta zimepisha mota na betri.

4. Bodi iliyojengwa Kirushya

Sasa nieleze nilivyofanya. Nilinunua Dar es Salaam mashine iliyokwisha kutumika ya helikopta ya umeme: mota, gia, mapanga, redio na vifaa vyake. Bodi sikununua. Nilichagua kujenga bodi ya Bell 47 kwa kipimo cha 1 kwa 12. Mapanga ya Bell 47 yana upana wa mita 11.3 kutoka ncha hadi ncha. Ukigawa kwa 12 unapata kama sentimita 94, nayo mashine niliyonunua ilikaribia hapo.

Uzito ndio uliokuwa mtihani, na hapa naomba wanafunzi wa hesabu wachukue kalamu. Urefu ukigawanywa kwa 12, eneo hugawanywa kwa 144, na ujazo, na uzito pamoja nao, hugawanywa kwa 1,728. Bell 47 tupu ya aina mojawapo ina uzito wa kilo 860 hivi. Mfano ulio sahihi kabisa ungekuwa na nusu kilo tu. Mashine peke yake ilizidi kilo moja na nusu. Mfano wowote wa helikopta, basi, ni mzito kuliko haki yake, na huweza kuruka kwa sababu mapanga yake huzunguka kwa kasi kubwa mno, mara 2,000 hivi kwa dakika, hali ya helikopta yenyewe huzunguka mara mia tatu na kitu. Bodi nikaipangia gramu 400, zisizidi.

Jambo la pili ni hewa yetu. Sehemu kubwa ya Ngara ni nyanda za juu. Penye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 14 kuliko pwani, na panga linalokamata hewa nyepesi huinua kidogo. Chombo kinachoinuka kwa raha Dar es Salaam huenda kikalemewa Kirushya. Vitabu vinavyokuja na mashine hizi havikuandikwa kwa ajili yetu. Hesabu hiyo lazima tuifanye wenyewe.

Kazi ya bodi ilikwenda hivi. Nilichora helikopta kwa pande tatu, mbele, ubavuni na juu, kwenye karatasi ya miraba. Seremala jirani akanichongea kichwa cha mti kwa umbo la kioo cha mbele, nami nikakipiga msasa mpaka kikawa laini kama yai. Nikakata chupa kubwa ya plastiki ya maji ya kunywa, nikaivisha juu ya mti huo, nikaipasha joto pole pole kwa kuizungusha. Plastiki ya chupa hizo hunywea ipatapo joto, ikabana umbo la mti. Nikaikata ikatoka kioo kizima. Joto likizidi plastiki hupauka na kukunjamana, kwa hiyo kijana atakayejaribu awe na chupa kadhaa na subira.

Mkia wa ngazi niliutengeneza kwa spoku za baiskeli. Ni chuma chembamba, kigumu, cha unene mmoja, nacho hupatikana kwa kila fundi baiskeli. Nilizilaza juu ya mchoro uliobandikwa ubaoni, nikazifunga kila kiungo kwa waya mwembamba wa shaba, kisha nikazichomea kwa risasi. Sakafu ilitokana na ubao mwembamba wa plaiwudi uliotobolewa matundu ili upungue uzito. Miguu ya kutulia ni mianzi iliyokunjwa kwa mvuke.

Palibaki mizani. Helikopta haina budi kuning'inia sawa chini ya mhimili wa panga kubwa. Niliishika kwa kichwa cha panga nikaiacha ining'inie. Ikiinamisha pua, betri inarudishwa nyuma. Ikiinamisha mkia, betri inasogezwa mbele. Bodi nzima ilipowekwa kwenye mizani ilikuwa gramu 390.

Imeinuka. Niliifunga kamba nne fupi ardhini kama Sikorsky alivyofunga ya kwake, uani, watoto wakiwa mbali ndani ya nyumba, nayo ikasimama hewani kiasi cha goti. Sijaiachia huru, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Vyombo vya angani visivyo na rubani vina kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vinahitaji kibali, na sisi tunapakana na Rwanda na Burundi. Chombo kinachopaa mpakani bila taarifa si mchezo. Ya pili ni usalama. Mapanga haya ni silaha. Mwaka 2013 huko New York kijana aliyekuwa na ujuzi aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya mfano. Kijana yeyote asije akaiwasha pasipo mtu mzima anayeijua.

5. Wenye vipaji hatukosi

Sasa nifikie jambo lenyewe. Afrika haijakosa watu wa kujaribu. Mwaka 2007 mwanafunzi wa fizikia wa Kano, Nigeria, alijenga helikopta kwa injini ya Honda Civic, ikainuka futi chache. Mwaka 2010 mafundi watatu wa Hargeisa walijenga ya kwao kwa injini ya gari kuukuu, wakitumaini itasaidia kuzima moto. Baadaye tulisikia ya Malawi, na hapa nchini fundi wa Tunduma, mkoani Songwe, alionekana kwenye vyombo vya habari akijenga yake. Nawaheshimu wote. Lakini angalieni jambo moja: walianza na chombo cha kuingia mtu. Anguko moja la chombo hicho laweza kumaliza maisha, fedha zote, na uvumilivu wa wenye mamlaka. Young alianguka mara nyingi akabaki hai, kwa kuwa kilichoanguka kilikuwa mfano.

Linganisheni na kijana mwingine wa Malawi, William Kamkwamba wa Kasungu. Alipolazimika kuacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, alisoma vitabu vya maktaba na kuamua kutengeneza umeme wa upepo. Kwanza alijenga mfano mdogo kwa mota ya redio. Ulipofanya kazi ndipo akajenga mnara wa mikaratusi, wenye baiskeli mbovu na feni ya trekta, akawasha taa nyumbani kwao.

Wala msiseme kwamba mambo ya angani hayatuhusu. Ng'ambo ya Kagera, nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini. Mwaka huohuo Zanzibar ilianza kupiga ramani ya visiwa vyake kwa ndege za namna hiyo, na vijana wa chuo kikuu cha huko walishiriki kuzirusha. Mwaka 2018 chombo chenye uwezo wa kupaa wima kama helikopta kilifanyiwa majaribio ya kubeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60 kwa dakika 40 hivi. Swali ni moja tu: vyombo hivi vikiharibika Ngara au Biharamulo, atakayevitengeneza atatoka wapi?

6. Ombi langu

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iunganishe kichwa na mikono. Katika shule nyingi jambo hilo likaishia kuwa jembe peke yake. Jembe nalistahi, limenilisha. Lakini mkono una kazi nyingine pia. Hivi karibuni Sera ya Elimu katika toleo lake la 2023 imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mlango umefunguliwa, na shule isiyo na karakana itabaki imesimama nje ya mlango huo.

Napendekeza sehemu ya michango yetu ijenge chumba kimoja cha karakana: meza imara, jiliwa mbili, misumeno, vyuma vya kuchomea risasi, mizani ya gramu, na kabati lenye kufuli. Kidato cha Kwanza watengeneze panga la mwanzi la kurusha kwa viganja. Cha Pili watengeneze la mpira kama la Pénaud, wapime sekunde linazokaa hewani na kuziandika. Cha Tatu wachore kwa vipimo na kujenga bodi. Cha Nne wahesabu uzito, hewa na nguvu, wakiwa na mwalimu wa fizikia. Gharama ya vidato vitatu vya kwanza ni mianzi, mpira, karatasi na spoku.

Kwa upande wangu, helikopta niliyoieleza naitoa kwa shule, pamoja na michoro yake na kichwa cha mti kilichofinyangia kioo. Naomba isifungiwe katika kabati la makombe. Iwekwe mezani, ifunguliwe, ivunjike, itengenezwe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tukutane kwenye mkutano mkuu tuamue.